Breki na kutu ya pwani: kutafuta ugonjwa kabla ya kununua spea, na kulegeza nati zilizoganda

Gari linalolala Raskazone au Sahare halizeeki sawa na gari linalolala Korogwe. Upepo wa bahari huleta chumvi usiku kucha, unyevu huishikiza kwenye chuma, na asubuhi diski zimeshageuka rangi ya matofali. Gari linalobeba samaki kutoka Deep Sea lina mzigo wa ziada: maji ya barafu yenye chumvi huchuruzika sakafuni hadi kwenye breki za nyuma. Ndiyo maana malalamiko mengi ya breki ninayoyasikia hapa Tanga huanza na kutu, si na padi zilizokwisha. Mtu hununua padi mpya, wiki mbili baadaye hali ni ileile, ananunua tena. Pesa imekwenda na ugonjwa uko palepale.

Mimi hutengeneza mwenyewe breki za Probox yangu: diski mbele (sahani ya chuma inayobanwa na padi), dramu nyuma (bakuli la chuma ambalo breki shuu hulisukuma kutoka ndani), mpangilio ulio kwenye IST nyingi na Corolla nyingi za mjini. Ninayoyaandika hapa yanafuata gari la aina hiyo.

Kabla ya kugusa nati

Tafuta ardhi ngumu na tambarare. Mchanga wa mitaani kwetu Makorora humeza jeki, kwa hiyo weka kipande cha ubao mnene chini yake. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe au magogo, mbele na nyuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Ukishainua, gari likae juu ya stendi za chuma, na usiweke tofali la bloku badala yake, maana bloku haitoi onyo, hupasuka mara moja. Sukuma gari kwa mkono kabla ya kuingiza hata bega lako chini. Likiyumba, lishushe uanze upya.

Nati za gurudumu zilegeze kidogo tairi likiwa bado chini. Fungua upande mmoja kwa wakati, ili upande wa pili ukuonyeshe springi ilikaaje, na piga picha kwa simu. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu padi na breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua zilizofungwa humo ni za mwaka gani. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa.

Tairi moja linapata moto, au gari linavuta upande

Hili ndilo tatizo ninalolikuta kuliko yote. Mara ya kwanza lilinikuta nikitoka Pangani. Karibu na Tongoni nilianza kusikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nilisimama nikasogeza kiganja karibu na rimu, bila kugusa. Kulia mbele ilikuwa vuguvugu. Kushoto mbele joto lilinipiga usoni kabla mkono haujafika. Nilidondoshea maji kidogo kwenye rimu yakachemka papo hapo.

Anza na jaribio hilohilo la kiganja. Endesha kilomita chache, simama taratibu kwa kutumia breki kidogo, kisha linganisha magurudumu yote manne. Angalia pia gari linavuta wakati gani. Likivuta bila kukanyaga breki, linaelekea upande ulioshikwa. Likivuta pale tu unapokanyaga, upande linakoelekea mara nyingi ndio mzima, na ule mwingine ndio haufanyi kazi. Watu wengi hukosea hapo na kufungua gurudumu lisilo na shida.

Kisababishi cha kwanza pwani ni pini za kalipa, kile chuma chenye pistoni kinachobana padi kwenye diski. Kalipa huteleza juu ya pini mbili zilizofunikwa kwa raba. Raba ikipasuka, chumvi huingia, grisi huisha, pini huganda. Inua gurudumu, litoe, kisha jaribu kusukuma kalipa kwa mkono ndani na nje. Inapaswa kucheza kidogo. Fungua bolti ya chini, inua kalipa, kisha zungusha na vuta kila pini. Nzima hutoka kwa vidole viwili. Iliyoganda hulazimu kuizungusha kwa pleisi huku ukivuta. Padi zenyewe nazo hukuambia: padi iliyolika mshazari inamaanisha pini moja imeganda, na ya ndani ikiwa imekwisha huku ya nje bado nene, ama kalipa haitelezi ama pistoni hairudi.

Safisha pini kwa msasa laini, safisha tundu lake, paka grisi ya breki ya silikoni, uweke raba mpya. Grisi ya kawaida ya beringi usiiweke hapo. Huvimbisha raba, na baada ya muda mfupi pini itakuwa imekwama kuliko mwanzo.

Kisababishi cha pili ni padi kukwama kwenye vishikizo vyake. Kutu huota chini ya vile vibati vya chuma na kuvisukuma juu hadi padi inabanwa. Toa vibati, kwangua kutu kwa brashi ya waya, virudishe. Padi mpya ikikataa kuingia, kosa ni kutu iliyo chini. Usiipigilie padi kwa nyundo.

Cha tatu ni pistoni. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, kisha irudishe pistoni polepole kwa klampu na padi ya zamani. Kikopo kikiwa kimejaa, mafuta yatamwagika na kula rangi, kwa hiyo punguza kwanza. Pistoni ikikataa kurudi, au ukiona vidonda vya kutu kwenye uso wake, kalipa hiyo inahitaji sili mpya au kubadilishwa nzima.

Cha nne, ambacho wengi hawakifikirii, ni mpira wa breki ulioharibika ndani. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umefumuka, mafuta yanapita kwenda lakini hayarudi. Jaribio lake ni rahisi. Gurudumu likiwa limeshikwa, funga mpira mwembamba kwenye nipo ya kutolea upepo (skrubu ndogo yenye tundu iliyo kwenye kalipa), uelekeze chupani, ulegeze nipo kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kulikuwa na mkandamizo uliofungiwa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira. Gurudumu likibaki limekaza, rudi kwenye pistoni na pini.

Jambo moja kwa wanaofungua kalipa mara ya kwanza: usiiache ining'inie kwenye mpira wake. Ifunge kwenye springi ya shokomzoba. Mimi hutumia kipande cha kamba ya katani, haivutiki na hapa kwetu haikosekani.

*Simama umwite fundi* kama mpira una nyufa au umevimba, kama bomba la chuma la breki lina magamba ya kutu, au kama gurudumu lilipata moto hadi moshi. Joto la kiasi hicho huyeyusha grisi ya beringi, na beringi lazima ikaguliwe.

Breki zinalia au zinasaga

Asubuhi, mikanyago miwili mitatu ya kwanza, sauti ya kukwaruza kisha kimya: hiyo ni kutu ya usiku inafutwa. Si ugonjwa.

Mlio mwembamba wa muda wote kwanza uhusishe na unene wa padi. Padi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi uguse diski padi ikikaribia kwisha. Mimi hubadilisha zikibaki milimita 3, na pande zote mbili za ekseli pamoja. Padi zikiwa nene bado, angalia vibati kama vimerudishwa vyote, kisha vumbi, kisha ubora wa padi zenyewe.

Kusaga kwa sauti nzito, kama mtu anaburuta sufuria juu ya saruji, ni chuma kwa chuma. Usiendeshe kwenda gereji. Fungua hapo ulipo. Lakini kama umetoka kwenye barabara ya changarawe na sauti imeanza ghafla, chungulia kwanza kati ya diski na bati la nyuma yake. Kijiwe kimoja hutosha kutoa kelele ya kutisha, na hutoka kwa bisibisi.

Mguu wa breki laini, au unazama

Cha kwanza, angalia kikopo. Mafuta yakishuka kidogo kidogo kwa miezi, padi zinaisha, ni kawaida. Yakishuka kwa siku chache, kuna mahali panavuja. Kagua upande wa ndani wa kila tairi, kisha vuta kidogo raba za wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma breki shuu ndani ya dramu. Zikitoa majimaji, wili silinda imekufa, na breki shuu zilizolowa hazisafishiki, zibadilishe kushoto na kulia.

Ukikanyaga mara mbili mbili na mguu ukapanda juu ukawa mgumu, ama breki shuu za nyuma ziko mbali na dramu, ama kuna upepo ndani ya mabomba ya breki. Rekebisha dramu kwanza, maana ni bure. Upepo unatolewa kwa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali. Magari yetu yenye usukani kulia mara nyingi huanza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu) fuata kitabu chake, mengine yana utaratibu tofauti. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine analegeza nipo, anaikaza, ndipo wa juu anaachia mguu. Semeni kwa sauti, "shika", "achia", kila mara. Kikopo kisikauke hata mara moja.

Kwenye gari la miaka mingi weka kipande cha ubao chini ya pedali wakati wa kutoa upepo, isifike sakafuni. Sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo sili hazifiki kila siku huota kutu, na ukizisukuma hadi huko zinakatika. Mtu huanza na breki nzuri akamaliza na masta silinda iliyokufa, akadhani ameuziwa mafuta mabaya.

Mguu ukiwa mzuri mjini lakini ukalainika unaposhuka mlima, fikiria mafuta yenye maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mapya (DOT ni daraja la mafuta linaloandikwa kwenye chupa) yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kuteremka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ukiwa umekanyaga breki njia nzima, joto hilo linafikiwa, mafuta yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Teremka kwa gia ndogo, na badilisha mafuta kila baada ya miaka 2. Nunua chupa iliyofungwa. Ile iliyokaa stoo wazi tangu mwaka jana imeshakunywa hewa ya bahari.

Na tafadhali, ndugu zangu, mafuta ya breki pekee ndiyo yanayoingia kwenye kikopo hicho. Jirani yetu aliwekewa mafuta ya usukani njiani, na ikabidi kubadilisha raba zote, kuanzia masta silinda hadi wili silinda, kwa kuwa mafuta yatokanayo na petroli huvimbisha raba za breki. Ukiwa na shaka na yaliyomo, chota matone kidogo uyatie kwenye glasi ya maji. Mafuta ya kawaida ya breki huchanganyika na maji, mafuta mengine huelea juu. Yakielea, gari lisisogee.

Mwisho: mguu unazama taratibu ukiushikilia, hakuna tone linalovuja popote, kikopo hakipungui. Hiyo ni masta silinda inapitisha ndani. *Hapa ni kwa fundi*, na gari livutwe, lisiendeshwe.

Mguu mgumu, gari halisimami

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Ishikilie, uwashe. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, angalia mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta (kile kinachouongezea mguu wako nguvu) kama umechomoka au umepasuka. Mpira ukiwa mzima, ni busta au vali yake, na hilo si la kufanyia uani.

Usukani unatetemeka ukikanyaga

Kwanza kaza nati za gurudumu. Kisha safisha kutu kati ya diski na habu, yaani sehemu ambayo gurudumu hufungwa juu yake, kwa sababu gamba dogo hapo huifanya diski ikae mshazari. Baada ya hapo ndipo ulaumu diski. Unene wake wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechapwa pembeni au kwenye kitovu chake. Ukiwa chini ya hapo, usikubali ichongwe.

Dramu haitoki

Hakikisha handibreki imeachiwa, mara ngapi tumesahau hilo. Halafu tazama uso wa dramu: Toyota nyingi zina matundu mawili yenye uzi, na kutu imeyaziba hata hayaonekani. Yasafishe, ingiza bolti mbili za milimita 8, uzikaze kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Dramu hujisukuma yenyewe. Ikikaza, acha bolti zikiwa na mkazo, piga nyundo kwenye uso kati ya stadi (bolti zilizochomoza za kufungia gurudumu), kamwe si kwenye ukingo, maana chuma cha kuyeyusha hupasuka. Ikicheza kidogo kisha ikakwama tena, breki shuu zimechimba ukingo ndani, basi legeza kirekebishaji cha breki shuu kupitia tundu la bati la nyuma.

Nati na bolti zilizoganda

Wengi huharibu hapa kwa haraka. Nati iliyoganda inataka muda kabla ya nguvu. Jioni kabla ya siku ya kazi, sugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, pulizia dawa ya kutu, gonga kichwa mara chache kwa nyundo, pulizia tena. Ulale. Kugonga huko ndiko kunakopasua kutu ili dawa iingie. Bila kugonga, dawa hulowesha nje tu.

Asubuhi tumia soketi ya pembe 6, iingie hadi mwisho. Soketi ya pembe 12 na spana ya mdomo wazi ndizo zinazokula vichwa vya bolti. Kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo sana. Ukisikia "tak" ndogo, kutu imekatika. Ndipo fungua robo, rudisha, pulizia, fungua tena. Ikianza kuwa laini kama inanyooka mkononi, bila kusogea, hiyo bolti inajinyonga na iko karibu kukatika. Acha hapo, rudi kwenye dawa. Na ukiwa umelala chini, tazama kichwa cha bolti chenyewe, si gari, ndipo uamue upande wa kufungua. Nimewahi kukaza bolti nusu saa nikidhani nafungua.

Nati za gurudumu zinakubali bomba refu juu ya spana. Bolti za kalipa hazikubali bomba refu vilevile, na mara nyingi pini huzunguka pamoja na bolti: ishikilie kwa spana nyembamba.

Nipo ya kutolea upepo ni dhaifu, ina tundu katikati. Tumia spana ya pete au soketi, 8 au 10. Ingiza kwenye tundu lake mkia wa keekee unaolijaa, ili kuta zisibonyee, gonga kalipa kuizunguka, kisha jaribu. Ikikatika, usitoboe mwenyewe, maana vyuma vitaingia kwenye kalipa na kitako chake kitaharibika. Nati za bomba la chuma nazo zinataka spana ya pete iliyokatwa mdomo, iliyotengenezwa kwa bomba. Bomba likianza kuzunguka pamoja na nati, simama. Likipinda mara moja tu limekwisha.

Moto wa gesi hufanya kazi kubwa kwa sababu chuma hutanuka na kutu huachia, lakini kwenye breki una mipaka. Usichome karibu na mpira, kalipa yenye mafuta, beringi au raba. Usichome mahali palipopuliziwa dawa ya kusafishia breki hadi pakauke kabisa, kwani baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikipata moto hutoa gesi ya sumu. Dawa ya kutu nayo huwaka. Bolti ikikatikia ndani ya chuma kinachobeba kalipa au gurudumu, peleka kwa fundi mwenye mashine. Usichomelee nati, usiweke ndogo badala yake.

Kufunga na kujaribu

Safisha nyuzi. Uso wa habu upakwe grisi nyembamba sana, lakini stadi na nati za gurudumu ziache kavu. Kaza kwa mtindo wa nyota. Toyota nyingi ndogo hutaka 103 Nm kwenye nati za gurudumu, nawe unaweza kuazima spana ya kupimia mkazo kwa fundi jirani.

Kabla ya kuwasha injini kanyaga breki hadi mguu uwe mgumu, kwa sababu pistoni uliyoirudisha bado iko mbali na mkanyago wa kwanza huenda mtupu. Angalia kikopo. Kisha tembea mwendo wa mtu mtaani, kanyaga, simama, rudi nyuma, kanyaga. Taa ya breki au ya ABS ikibaki inawaka, usitoke barabarani. Zunguka dakika kumi, usimame, upitishe kiganja karibu na rimu zote nne tena. Kesho yake, baada ya kilomita chache, kaza nati upya.